Jiwe lenye mistari kutoka changarawe za Minnesota: stromatolaiti kweli au mistari tu? Wanaojua mawe karibuni

Mleta uzi (Mwanza):

Wakuu kwema? Niko hapa Mwanza, Nyegezi. Binamu yangu anaishi Minnesota, Marekani, ile jimbo inayopakana na Kanada, amekuja likizo na mawe matatu aliyookota kwenye shimo wanakochimba changarawe za barabara. Anasema kule watu wanaookota mawe ni wengi mno na kila mwenye jiwe lenye mistari myekundu anatangaza kapata stromatolaiti. Picha nimeweka hapo chini, nimezipa herufi A, B na C. Naomba tuyachambue pamoja, manake mimi haya mambo nayapenda kupita maelezo na ninaona watu wengi wanakwama sehemu moja: wanaangalia rangi na wanaangalia kama mistari ipo, hawaulizi hiyo mistari ilikuaje. Kwangu mimi swali ndo hilo, rangi baadaye.

Kwa ambaye hajawahi kusikia: stromatolaiti sio mnyama na sio mmea, ni mwamba uliojengwa na vijidudu, hasa sianobakteria wanaojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua. Wanakaa chini ya maji ya kina kifupi wakiwa utando unaonata, mchanga laini na chembe za chokaa zinanasa kwenye utando, wenyewe wanapanda juu kufuata mwanga, utando mpya unatokea juu ya ule wa zamani, na hivyo hivyo miaka na miaka mpaka inatokea nundu au nguzo ya mwamba yenye tabaka nyembamba. Jina lilitolewa na mjerumani Ernst Kalkowsky mwaka 1908. Hai zipo mpaka leo, maarufu zaidi ni za Shark Bay kule Australia Magharibi, maji yale yana chumvi kali mpaka konokono wa kuzitafuna ni wachache. Na Australia hiyo hiyo, eneo la Pilbara, kuna za miaka bilioni 3.48. Bilioni jamani, sio milioni. Muda mrefu sana wa historia ya dunia, kitu hai pekee ambacho ungekiona kwa macho ya kawaida ni hizi nundu, na oksijeni tunayovuta leo ilianza kujaa hewani kwa kazi ya hao hao sianobakteria, kama miaka bilioni 2.4 iliyopita.

Sasa zimefikaje kwenye changarawe? Zamani zile za barafu, karibu Kanada yote na kaskazini ya Marekani ilifunikwa na barafu, sehemu nyingine unene wa kilomita 2 hadi 3. Hiyo barafu haikukaa tu, ilikuwa inatambaa, inang'oa mwamba huku inaenda kuutupa kule mbali, na ilipoyeyuka ikaacha marundo ya mchanga na mawe yaliyochanganyika kutoka kila mahali. Kwa hiyo jiwe la kwenye changarawe ni jiwe lisilo na kwao, huwezi kusema limetoka mwamba huu au ule kwa sababu umelikuta hapo. Jirani yake kwenye shimo anaweza kuwa ametoka mamia ya kilomita upande mwingine. Ushahidi wote unabaki ndani ya jiwe lenyewe.

A ni jekundu lenye mistari ya rangi ya kutu na nyeusi, limeviringika, linajaa kiganja. B ni dogo, linang'aa, mistari imefunga duara. C ni la kijivu lina vitundu vitundu.

Karibuni.

Mdau wa Geita:

Mkuu hilo A mbona hata huku lipo tele? Mistari myekundu na myeusi, ukilipiga ni zito, wachimbaji wanalijua. Hicho ni chuma hakuna fosili hapo.

Mleta uzi:

Asante sana ndugu yangu, umegusa penyewe, hili ndo linalochanganya watu kuliko yote. Mwamba wa chuma wenye mistari wa Geita ni wa ule mkusanyiko wa miamba unaoitwa Nyanzia, una miaka zaidi ya bilioni 2.6. Ule ulitulia chini ya bahari ya kale, silika (madini yale yale ya mchanga na kioo) na chuma tabaka kwa tabaka, zimenyooka tu. Baadaye ardhi ikaubana ukajikunja, ndo maana ukiuona umepinda pinda unaweza kusema hizi nundu. Lakini angalia utofauti. Mwamba uliokunjwa, mikunjo inaenda juu na inaenda chini, na tabaka zote zinapinda kwa pamoja, ya chini ikipinda na ya juu inapinda hivyo hivyo. Stromatolaiti nundu zote zinaangalia upande mmoja, kule mwanga ulikokuwa. Mgongo wa nundu ni mpana wa mviringo, lakini pale nundu mbili zinapokutana unakuta bonde jembamba lililochongoka. Tena tabaka ni nene pale juu ya mgongo na linapungua likishuka ubavuni, manake juu ndo utando ulikuwa unakua vizuri. Ubavuni tabaka lina mikunyato midogo midogo, halijanyooka kama limepigwa rula.

Na kitu kingine, mwamba wa Geita mwingi una magnetiti, madini ya chuma meusi, sumaku inavuta. Nimesogeza sumaku ya spika kwenye A, inavuta kidogo sana karibu na mistari myeusi, kwenye nyekundu hakuna kitu. Nyekundu ni hematiti, madini mengine ya chuma, ndani ya silika, watu wa mawe wanaita jaspa. Nimelisugua nyuma ya taili, ule upande usio na rangi ya kung'aa, limeacha alama ya kahawia nyekundu kwenye sehemu zenye chuma kingi. Hiyo haithibitishi stromatolaiti wala haikatai, inatuambia tu jiwe limeundwa na nini.

Dada wa Nyakato (nafundisha kemia):

Umejaribu asidi? Stromatolaiti si chokaa? Inatakiwa itoe povu.

Mleta uzi:

Swali zuri dada. Nyingi ni chokaa au dolomaiti, mwamba ndugu wa chokaa, ndio, lakini sio zote. Kuna ambazo silika imeingia na kuchukua nafasi ya chokaa taratibu sana bila kuharibu umbo, au zilihifadhiwa kwenye silika tangu mwanzo, na hizo hata uzimwagie asidi hazishtuki. A haijatoa povu lolote, na imechora kioo cha chupa vizuri kabisa, kwa hiyo hapo tunaongelea silika. C imetoa povu haraka.

Dada wa Nyakato:

Sawa. Niongezee kwa wanaosoma, wasije wakachukua asidi ya betri ya gari kwa kuwa ndo iliyo karibu. Ile ni salfuriki, ikikutana na chokaa inatengeneza ngozi ya jasi juu ya jiwe na povu linakata, utadhani jiwe sio chokaa kumbe ndilo, na mkono ukiunguza ni shida nyingine. Kwa nyumbani tumieni siki, mlisage jiwe kidogo liwe unga kwanza ndo mdondoshee. Dolomaiti bila kuisaga inaweza isitoe povu hata kwenye haidrokloriki baridi, ikiwa unga inatoa polepole.

Mleta uzi:

Shukrani mwalimu, hiyo ya jasi ni muhimu sana, watu waichukue.

Basi tumalizie B na C haraka manake hazina ubishi. B ni akiki. Mistari yake imefuata umbo la tundu, inaanzia ukingoni inaenda ndani, unene ule ule pande zote, na katikati kuna vifuwele vyeupe vya kwazi. Kitu kilichojaza shimo kutokea nje kuja ndani hakiwezi kuwa kiliota kufuata jua. Akiki za Ziwa Superior zinapatikana sana kwenye changarawe hizo hizo, zilitoka kwenye miamba ya volkano ya zaidi ya miaka bilioni moja, na ni nzuri sana kwa kweli, binamu asiitupe.

C nimeiangalia na lenzi ya sonara ya mara kumi, ina vyumba vidogo vyenye kuta, vyumba vimepangana kwa mpangilio, kila kimoja na umbo lake kamili. Hiyo ni matumbawe ya kale. Sheria ni rahisi: ukiona vyumba, vijinguzo vya kipimo kimoja, nyota, mirija, hapo kuna mnyama aliyejenga mwili wake. Stromatolaiti haina vyumba kabisa, ina tabaka tu. Kule Michigan kuna jiwe maarufu la Petoskey, ni matumbawe ya zaidi ya miaka milioni 350 yaliyosambazwa na barafu hivi hivi. Na kuna viumbe wengine wa bahari ya zamani, stromatoporodi, hao ndo wanadanganya hata wazoefu, manake wana tabaka na wana nundu, ila ukiweka lenzi unaona vijinguzo vidogo vinashika tabaka na tabaka. Bila lenzi usiseme neno.

Mdau wa Bukoba:

Huku kwetu kwenye mawe ya mchanga nimeona miduara ya rangi ya kutu, mizuri, inaingiliana. Hiyo nayo ni nini? Maana na mimi nilijua fosili.

Mleta uzi:

Kaka hiyo kwa maelezo yako ni kutu iliyotembea na maji. Maji yenye chuma yanaingia kwenye jiwe la mchanga, chuma kinaganda kwa awamu, kinaacha pete pete. Namna ya kujua: tafuta punje za mchanga zimelalaje, halafu uone kama pete zinazikata zile tabaka za mchanga. Kama pete inapita juu ya tabaka bila kujali, basi pete imekuja baadaye jiwe likiwa tayari jiwe. Kwenye stromatolaiti mstari ndo tabaka lenyewe, haviachani. Na kwa upande wako wa Kagera kuwa makini pia na taka za chuma, wazee walifua chuma huko tangu karne nyingi, yale mabaki yana mikunjo na matundu ya hewa, mtu anaokota anadhani kitu cha ajabu cha asili.

Mdau wa Igoma (nakata graniti):

Mkuu mbona mnazunguka, leteni jiwe likatwe. Nje limesuguliwa na mto huwezi ona kitu.

Mleta uzi:

Fundi nilikuwa nakusubiri wewe. Kweli kabisa, jiwe la changarawe nje lina chubuko na kutu, kulimwagia maji kunasaidia kidogo tu. Binamu amekubali A ikatwe. Tafadhali tukate nyuso mbili zilizo pembe mraba, sio moja. Sababu ni hii, nundu ukiikata kwa ubavu unaona matao yaliyopandana, ukiikata kwa juu unaona pete. Vibakuli vilivyofunikwa kimoja juu ya kingine, upasue kutokea juu kwenda chini na upasue kwa ulalo, ndo picha yenyewe. Mwamba uliokunjwa kwa kawaida ukiukata kwa namna ya pili unapata mistari mirefu iliyonyooka, hupati pete. Mtu aliyekata uso mmoja ana nusu ya jibu tu.

Mdau wa Igoma:

Poa, leta dukani. Nakata kwa maji, diski ya almasi. Kavu sikati jiwe la namna hiyo, lile vumbi la silika linakaa kwenye mapafu halitoki, nimeona wenzangu wanavyohema. Na barakoa juu.

Mdau wa Kigoma:

Wakati mnasubiri kukata, niwaambie tu huku Tanganyika vitu hivi viko ziwani, ukipiga mbizi karibu na ufukwe wa mawe unaona ukoko wa chokaa wenye tabaka umeshikilia miamba. Sijui kwa nini nyie wa Viktoria hamna.

Mleta uzi:

Ni kweli ndugu yangu, stromatolaiti za Ziwa Tanganyika zinajulikana na zimefanyiwa utafiti tangu miaka ya 1980. Na Natron pia, kando kando ya bonde lile kuna stromatolaiti za kale zimebaki juu kabisa ya usawa wa ziwa la leo, ndo zilizowaonyesha watafiti kwamba zamani Natron na Magadi maji yalipanda mno. Kwa hiyo hapa Tanzania hatuhitaji kwenda Marekani kuziona. Ukienda huko using'oe, piga picha uache, kipande kikitoka pale kinapoteza habari ya maji yalifika wapi.

Kwa nini Viktoria hakuna? Ninavyoelewa ni maji yenyewe. Ziwa letu maji yake mengi yanatoka moja kwa moja kwenye mvua, ni mepesi, madini machache, chokaa haigandi kirahisi. Tanganyika maji yamekaa muda mrefu sana na yana madini ya kutosha chokaa kuganda. Tena Viktoria lenyewe lilikauka kama miaka 15,000 iliyopita na kujaa upya, haya unayoyaona ni maji mageni. Na kwa wale wanaoniuliza inboksi kuhusu mawe makubwa ya hapa mjini, Bismarck na wenzake, hayo ni graniti, yaliganda kutoka kwenye uji wa moto chini sana ya ardhi, hakuna fosili itakayotoka humo. Na hayakuviringishwa na barafu, barafu haijafika hapa, ni mwamba uliooza kwenye nyufa ukiwa bado ardhini halafu udongo ukaondoka yakabaki hayo ya mviringo.

Mleta uzi (baada ya kukata):

Wakuu A imekatwa, fundi kafanya kazi safi sana Mungu ambariki. Nimesugua nyuso zote mbili kwa msasa wa maji, ule wa mafundi wa rangi za magari, nikaanza na 120 nikapanda 240, 400, 800 mpaka 1200, halafu nikapiga picha jiwe likiwa limelowa. Picha mpya ziko hapo.

Uso wa ubavu: nguzo tatu zimesimama pamoja, kila moja na matao yamepandana, mgongo wa tao ni mnene kuliko ubavu, yote yanaangalia upande mmoja. Angalieni nguzo ya kushoto, kuna mahali imegawanyika zikatoka mbili. Kati ya nguzo na nguzo hakuna matao, kumejaa punje nyekundu za mviringo, ni mchanga uliosombwa na maji ukaanguka kwenye nafasi. Hilo la punje limenifurahisha kuliko yote, manake linaonyesha nguzo zilikuwa zimesimama tayari wakati mchanga unaingia. Mwamba uliokunjwa hauwezi kukupa hiyo. Uso wa juu: pete, tena pete zenye kingo za mawimbi mawimbi.

Mimi nasema ni stromatolaiti. Na kwa rangi, jaspa na zile punje, inafanana sana na ile ya mwamba wa chuma wa Biwabik, kaskazini ya Minnesota, wanayoiita jaspa ya Mary Ellen kwa jina la mgodi. Mwamba huo ni ndugu wa Gunflint unaoendelea mpaka Ontario Kanada, umri kama bilioni 1.88. Gunflint ndo pale Stanley Tyler na Elso Barghoorn walipotangaza mwaka 1954 kwamba wameona vijidudu wenyewe ndani ya silika, kwa darubini. Kabla ya hapo watu wengi walidhani miamba ya zamani hivyo haina mabaki ya uhai kabisa. Barafu iliyopita bonde la Ziwa Superior ilishuka kuelekea kusini-magharibi, na shimo la binamu liko huko, kwa hiyo njia inaingia akilini. Ila hapo kwenye asili naishia kusema inafanana, jiwe liliokotwa huru.

Mdau wa Geita:

Nimeona picha. Hizo punje kati ya nguzo zimenimaliza, nakubali. Ila je wataalamu nao hawakosei?

Mleta uzi:

Wanabishana sana ndugu. Mwaka 2016 walitangaza stromatolaiti za Greenland za miaka bilioni 3.7, zingekuwa za zamani kuliko zote. Mwaka 2018 timu nyingine ikaenda kuangalia zile zile kwa pande zote tatu, wakasema hivyo vilele ni mwamba uliobanwa na kuvutwa, upande wa tatu vinakuwa virefu kama tuta, na vingine vimeangalia chini. Yaani hoja ile ile ya kukata pande mbili, ndo maana niliing'ang'ania. Ubishi huo haujaisha.

Kwa hiyo na hii yetu hatua inayofuata ni kipande chembamba cha darubini, kinasagwa mpaka unene wa milimita 0.03 mwanga upite. Hapo ndo tunaweza kuona kama kuna nyuzi za vijidudu, na hata zisipoonekana umbo linabaki na uzito wake, manake kwenye nyingi vijidudu wenyewe walishaoza zamani.

Mdau mwingine:

Bei gani hiyo kitu mkuu? Kuna soko?

Mleta uzi:

Kule wanaikata wanatengeneza mapambo, inauzwa ndio, lakini hii haiuzwi. Nusu moja binamu anarudi nayo na karatasi yenye jina la shimo na kijiji cha karibu, nimemsisitiza aandike hata kina alichokuta. Nusu nyingine naipeleka kwa mhadhiri wa jiolojia Dar anayekubali kunitengenezea kipande cha darubini. Mwenye swali kuhusu jiwe lake alete picha ya nyuso mbili, likiwa limelowa, na shilingi pembeni ya kupimia ukubwa. Picha za darubini zikitoka nazileta humu humu.